Anayeumia si mwenye seva: hotuba kuhusu barua pepe za kughushi

Hotuba hii niliitoa mbele ya mkutano wa wasimamizi wa mifumo, wahasibu na wakuu wa ofisi. Naiweka yote hapa kwa ajili ya waliokosa nafasi ya kufika. Pale nilipoonyesha kitu kwenye skrini, nimekieleza kwa maneno.

Ndugu mwenyekiti, mabibi na mabwana, ndugu zangu wa chumba cha seva na ndugu zangu wa dawati la malipo.

Nimefurahi kuwaona mmeketi pamoja. Mara nyingi watu wa seva hujadili barua za kughushi wao kwa wao, na wahasibu nao hujadili fedha zilizopotea wao kwa wao, na hakuna anayewaambia kwamba kilio chao ni kimoja. Leo tuliseme pamoja.

Naanza na swali. Umefungua barua pepe. Juu pameandikwa jina la mkurugenzi wako, na anwani yake ni ile ile unayoijua, herufi kwa herufi. Nani amekuthibitishia kwamba ni yeye aliyeituma? Nawaomba mlifikirie swali hili kabla ya kulijibu. Ni nani, hasa, aliyethibitisha?

Agosti 1982, Jonathan Postel, mtaalamu wa kompyuta wa Marekani, alichapisha waraka unaoitwa RFC 821. Huo ndio ulioweka kanuni za SMTP, lugha ambayo seva za barua pepe, yaani kompyuta zinazopokea na kupeleka barua, husemezana nayo hadi leo. Waraka umeandikwa upya mwaka 2001 na tena 2008, lakini mazungumzo yamebaki yale yale. Nimewaonyesha kwenye skrini. Mashine inaunganishwa na seva kwenye poti 25, yaani mlango wake wa barua, inasalimu kwa HELO na kujitaja jina. Inasema MAIL FROM, inataja anwani ya mtumaji. Inasema RCPT TO, inataja anwani ya mpokeaji. Inasema DATA, inamimina barua yenyewe, inamaliza kwa nukta iliyokaa peke yake kwenye mstari. Basi, barua imekwenda.

Mmeona mahali palipoulizwa nenosiri? Mmeona mahali ambapo seva iliuliza, "Wewe kweli ndiye unayejitaja?" Hapakuwapo. Nimeandika anwani ya mtumaji niliyoibuni mwenyewe mbele yenu, na seva yangu ya majaribio imejibu 250, yaani sawa, nimepokea.

Halafu kuna jambo ambalo hata wasimamizi wengi hulisahau. Kuna bahasha na kuna barua iliyo ndani yake. Anwani ya MAIL FROM ni ya juu ya bahasha. Ndani ya barua kuna mstari mwingine wa mtumaji, ule wa From, na huo ndio unaouona kwenye simu yako. Hakuna kanuni ya SMTP inayolazimisha hizo mbili zifanane. Ya bahasha hubaki kwenye mstari unaoitwa Return-Path, ambao programu nyingi za barua huuficha. Kwa hiyo mtu anaweza kuandika jina lake halisi juu ya bahasha na jina la mkurugenzi wako ndani, na wewe utaona la ndani tu.

Msidhani Postel alikuwa hajui hatari. Novemba 1975, miaka karibu 7 kabla ya SMTP, yeye mwenyewe aliandika waraka mfupi, RFC 706, kuhusu tatizo la barua zisizotakiwa, akieleza kwamba mashine haikuwa na njia ya kuchagua barua za kukataa. Na Mei 1978, Gary Thuerk wa kampuni ya Digital Equipment Corporation alituma tangazo la kompyuta kwa watu wapatao 400 wa mtandao wa ARPANET, uliotangulia intaneti, kwa mkupuo mmoja. Malalamiko yalikuwa makali. Lakini mtandao ule ulikuwa wa watu wachache, wa vyuo vikuu na maabara, na aliyekosea alijulikana na alikaripiwa. Aibu ilitosha kuwa ulinzi. Walipounda barua pepe waliiunda kwa ajili ya watu wa namna ile, na sisi tumeirithi tukiwa mabilioni.

Hapo ndipo nafika kwenye seva zilizo wazi, zile zinazoitwa rilei wazi.

Rilei wazi ni nini? Ni seva inayopokea barua kutoka kwa mtu isiyemjua, inayokwenda kwa mtu isiyemjua, na kuipeleka. Mtumaji si wa kwako, mpokeaji si wa kwako, na bado seva yako inabeba mzigo. Leo tunauona huo kuwa uzembe, ila zamani ulikuwa ustaarabu. Mitandao ilikuwa mingi na haikuunganishwa vizuri, mashine nyingine ziliwashwa saa chache tu kwa siku, na seva iliyokubali kushika barua ya jirani na kuisogeza mbele ilihesabiwa kuwa jirani mwema. Programu ya Sendmail, iliyokuwa ikibeba sehemu kubwa ya barua za dunia, ilikuja ikiwa wazi hivyo. Ni toleo la 8.9, mwaka 1998, ndilo lililofunga mlango huo tangu siku ya kusakinishwa.

Kwa nini lilifunga? Kwa sababu watuma barua taka walikuwa wameshagundua jambo. Mtu mwenye laini dhaifu ya simu alituma nakala moja ya barua, akataja wapokeaji mia moja kwa RCPT TO. Nakala ile moja ilisafiri kwenye laini yake, na zile mia zilisafiri kwenye laini ya mwenye seva. Alipomaliza akahamia seva nyingine. Umeme si wake, mashine si yake, na malalamiko yalipofika yalikuta jina la mwingine.

Wapo waliokataa kufunga kwa imani. John Gilmore, mmoja wa waanzilishi wa Electronic Frontier Foundation, shirika la kutetea haki za watu mtandaoni, aliiacha seva yake ya toad.com wazi kwa makusudi muda mrefu baada ya wengine kufunga, akishikilia kwamba kampuni iliyompa intaneti haina haki ya kumwamulia apitishe barua zipi. Naiheshimu hoja hiyo, kwa sababu hofu ya makampuni kuamua nani aseme na nani anyamaze ni hofu ya kweli. Hata hivyo siikubali. Ukiiacha seva wazi kwa nia njema, yule atakayeitumia halazimiki kuwa na nia hiyo, na wewe huwezi kumwomba radhi kila aliyepokea uchafu kupitia kwako, kwa sababu huwajui.

Wahenga walisema mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Ndugu zangu, katika jambo hili mwiba unaushika wewe na unamdunga mtu mwingine. Hilo ndilo nimekuja kulisema, na nitalirudia hadi mnichoke: anayeumia si mwenye seva. Mwenye seva huona mashine imekuwa nzito kidogo. Anayeumia ni mtu asiyemjua.

Mtaniambia hayo ni ya zamani. Hapana. Niliwahi kuitwa na ofisi moja ambayo barua zake zilikuwa zinakataliwa kila mahali. Walidhani wamevamiwa. Nilipofungua foleni ya seva niliikuta imejaa maelfu ya barua za kutangaza dawa, zote zikitoka kwa watu wasiokuwa wa ofisi ile na kwenda kwa watu wasiokuwa wa ofisi ile. Chanzo? Mashine ya kunakili. Walikuwa wamenunua mashine inayoskani karatasi na kuituma kwa barua pepe, na mashine ile haikuweza kuingiza nenosiri kwa njia ambayo seva iliikubali. Fundi akaandika kwenye orodha ya mitandao inayoaminika kwamba kila anwani ya IP duniani, yaani namba ya kila mashine iliyo mtandaoni, inaaminika. Karatasi zikaanza kutumwa na kila mtu akafurahi. Hakuna aliyeuliza ni nani mwingine amefurahi.

Wanaotumia Postfix, programu ya seva za barua, wanaujua mstari huo, unaitwa mynetworks. Nawasihi mwende mkausome leo hii. Na kama seva yenu inakaa ndani ya kontena au nyuma ya proksi, yaani mashine ya kati inayopokea wageni kwa niaba yake, chunguzeni zaidi, kwa sababu huko wageni wote wanaweza kuonekana wakitoka kwenye anwani moja ya ndani, na seva ikawaamini wote bila mtu yeyote kuandika kosa kwenye mstari ule. Kipimo ni rahisi. Nenda nje ya mtandao wenu, unganisha na poti 25, jaribu kutuma barua kutoka anwani ya kikoa (lile jina linalofuata alama ya @) kisicho chenu kwenda anwani ya kikoa kisicho chenu. Seva njema itakukatalia papo hapo, kwa jibu linaloanza na 5. Ikikujibu 250 baada ya RCPT TO, acha kila ulichokuwa unafanya.

Watumiaji halali wa seva wana njia yao. Tangu Desemba 1998 kuna poti 587 iliyotengwa kwa ajili ya watu kuwasilisha barua zao wenyewe, na Machi 1999 ikachapishwa kanuni ya kuwathibitisha kwa nenosiri ndani ya SMTP. Hakuna sababu iliyobaki ya kuiacha rilei wazi. Ila jueni kwamba nenosiri likiibwa, seva iliyofungwa vizuri inageuka rilei ya mwizi. Wekeni kikomo cha barua ambazo akaunti moja inaweza kutuma kwa saa. Mhasibu hatumi barua elfu tatu usiku wa manane.

Kabla sijaondoka hapa, niwakumbushe orodha za kuzuia. Wasimamizi walipochoka walianza kuorodhesha seva zilizo wazi ili wengine wazikatae. Mojawapo ilikuwa ORDB, iliyoendeshwa na watu wa kujitolea huko Denmark. Ilifungwa Desemba 2006, ikatangaza, ikaaga. Wasimamizi wengi hawakusikia, na seva zao ziliendelea kuiuliza kuhusu kila barua. Machi 2008 orodha ile ikaanza kujibu "ndiyo" kwa kila anwani iliyoulizwa. Kila anwani duniani! Waliokuwa hawajabadilisha mipangilio yao walijikuta wanakataa barua zote, za kweli na za uongo. Mwaka na miezi seva inauliza orodha iliyokufa, na msimamizi hajui. Je, yako inauliza nani? Unajua?

Sasa tugeukie yule anayetumiwa jina. Huyu simwoni akizungumzwa vya kutosha.

Mwanzoni mwa 1997, Joe Doll alikuwa na tovuti ya joes.com iliyowapa watu kurasa za bure. Alifunga akaunti ya mtu mmoja kwa sababu ya kujitangaza kwa barua taka. Mtu yule akalipiza kisasi: akasambaza barua taka kwa watu wengi, na majibu yote akayaelekeza kwa Joe. Waliokasirika hawakuwa na njia ya kujua. Walimshambulia Joe, na tovuti yake ikaangushwa kwa siku kadhaa. Joe alikuwa ameharibu nini? Alikuwa amepambana na barua taka. Hilo ndilo lililokuwa kosa lake.

Mwaka huo huo, mtu alituma barua taka kwa wingi akiweka anwani ya kikoa cha flowers.com kama ya mtumaji. Kikoa hicho kilikuwa cha mtu mwingine kabisa. Barua zote zilizoshindwa kufika, maelfu, zilirudi kwa mwenye kikoa. Alikwenda mahakamani huko Texas na akashinda. Mahakama iliona kwamba kutumia jina lake hivyo kulikuwa kuingilia mali yake na kumletea kero. Nawatajia kesi hiyo ili mjue kwamba tangu zamani jina la kikoa limetambuliwa kuwa kitu ambacho mtu anaweza kudhulumiwa.

Na barua zinazorudi ni somo zima. Agosti 2003 kilizuka kirusi cha Sobig.F. Kiliingia kwenye kompyuta, kikakusanya anwani zilizokuwa ndani yake, kikajituma kwa wengine kwa jina la mojawapo ya anwani hizo. Hakikuhitaji hata rilei. Kilibeba programu yake ya kutuma barua. Sasa, seva nyingi zilikuwa na programu za kukamata virusi, na programu hizo kwa uungwana zilimwandikia "mtumaji" kumwonya kwamba ana kirusi. Mtumaji yupi? Yule wa kughushiwa! Watu ambao kompyuta zao zilikuwa safi walipokea maonyo kwa mamia, wakaingiwa na hofu, wakapiga simu, wakafuta mafaili. Madhara hayo yaliletwa na seva zetu sisi tuliojiona walinzi.

Kwa hiyo wasimamizi, nawaomba: kama hutaki barua, ikatae wakati mashine iliyoileta bado iko kwenye mazungumzo. Usiipokee kwanza, ukakubali kwa 250, kisha ukaanza kumwandikia mtumaji kwamba umeshindwa kuifikisha. Humjui huyo mtumaji. Unachokijua ni jina lililoandikwa juu ya bahasha.

Dawa zipo. Zimechelewa, lakini zipo, na nitazieleza haraka kwa sababu nyaraka zake ni nyingi na zinapatikana. SPF, iliyoandikwa rasmi Aprili 2006, inamwezesha mwenye kikoa kutangaza kwenye DNS, daftari la umma la majina ya vikoa, ni seva zipi zinazoruhusiwa kutuma kwa jina lake. DKIM, Mei 2007, inaweka saini ya kidijitali kwenye barua, na mpokeaji anaihakiki kwa ufunguo ulioko kwenye DNS ya aliyesaini. Nzuri zote mbili. Lakini SPF inatazama bahasha, na saini ya DKIM inaweza kuwa ya kikoa chochote. Hakuna hata moja iliyouliza kuhusu ule mstari wa From ambao mhasibu anausoma! Pengo hilo lilizibwa na DMARC, iliyotangazwa 2012 na kuandikwa kama RFC mwaka 2015. DMARC inadai kwamba kikoa cha From kilingane na kile kilichopita kwenye SPF au DKIM, na inamwezesha mwenye kikoa kusema barua isiyolingana ifanyweje: iachwe ipite, iwekwe kando, au ikataliwe.

Na hapa nina lalamiko. Nikitazama rekodi za vikoa vya ofisi nyingi, naona wameandika p=none. Maana yake: nimeona, msifanye kitu. Hatua hiyo iliwekwa ili ukusanye ripoti, ujue seva zako zote halali, kisha upande hadi hatua ya kuweka kando au kukataa. Wengi hawapandi. Tangu Februari 2024, Google na Yahoo wanawataka wanaotuma barua kwa wingi wawe na SPF, DKIM na DMARC, na kwa Google wingi huo ni barua 5,000 au zaidi kwa siku kwenda Gmail. Wakaja wengi mbio wakaandika p=none ili barua zao zipite, wakaondoka. Wamejilinda wao. Yule atakayepokea barua ya kughushi kwa jina lao, wamemlinda kwa lipi?

Na vile vikoa mlivyonunua mkaviweka tu, ambavyo havitumi barua yoyote? Hivyo ndivyo rahisi kuliko vyote. Andikeni SPF isiyoruhusu seva hata moja, na DMARC ya kukataa. Ni mistari miwili tu.

Sasa wahasibu, nawageukia ninyi, kwa sababu sitaki mwondoke mkidhani watu wa seva watamaliza kazi. Novemba 2021, barua za onyo la uongo kuhusu uvamizi wa mitandao zilisambaa zikiwa na anwani ya FBI ya Marekani. Seva iliyozituma ilikuwa ya FBI kweli. Mtu alikuwa ametumia vibaya tovuti yao iliyokuwa na mipangilio mibovu, ikamtumia barua alizotaka. Barua zilikuwa zimetoka kweli pale zilipodai kutoka, na maneno yalikuwa ya uongo mtupu.

Na kuna Evaldas Rimasauskas wa Lithuania. Alisajili kampuni huko Latvia kwa jina sawa na la kampuni ya Asia iliyouza vifaa vya kompyuta, kisha akawaandikia wafanyakazi wa Google na Facebook barua pepe za kughushi zenye ankara na mikataba ya kughushi. Kati ya 2013 na 2015 walimtumia zaidi ya dola milioni 100 za Marekani. Alihukumiwa kifungo cha miaka 5 mwezi Desemba 2019. Fikirini ni kampuni zipi hizo. Wanaujua ufundi wa barua pepe kuliko sisi sote tuliomo humu ndani. Ankara ilifika, jina lilijulikana, malipo ya aina ile yalikuwa ya kawaida, ikalipwa.

Kwa hiyo barua ikisema namba ya akaunti imebadilika, usiijibu barua hiyo. Chukua simu, piga namba uliyokuwa nayo tangu zamani, si ile iliyoandikwa chini ya barua. Mkurugenzi akikuuliza kwa nini unamsumbua, ndiyo maana nimewaomba wakuu wa ofisi waje: waheshimiwa, mfanyakazi anayekupigia kuhakikisha asikaripiwe hata siku moja. Ukimkaripia mara moja hatapiga tena, na wanaoandika barua hizi wanategemea ukali wako. Ndiyo maana wanaandika, "Nipo kikaoni, usinipigie, lipa sasa hivi."

Na simu zenu zinaonyesha jina tu, zinaficha anwani. Jina hilo mtu hulijaza apendavyo, na DMARC haiangalii jina, inaangalia kikoa. Gusa jina, anwani itafunguka. Ukiwa na shaka zaidi mpelekee barua nzima msimamizi, ikiwa kiambatisho, ili asome mistari ya Received, ambayo kila seva iliyopitisha barua huiandika. Yeye ataanza juu, kwenye mstari ulioandikwa na seva yenu wenyewe, na kushuka mpaka pale panapoacha kuaminika, kwa sababu ya chini huko mtu anaweza kuwa ameibuni.

Nimemaliza yangu. Kompyuta ile pale pembeni imeunganishwa na laini isiyo ya ofisi yoyote iliyopo hapa. Msimamizi anayetaka kupima seva yake na kuangalia rekodi za kikoa chake aje sasa na mhasibu wake, waketi pamoja, tutapima mmoja baada ya mwingine. Wenye maswali nawasikiliza.